Sura ya Tano: Namba Moja Nyingi za Blue Beetle

Miongoni mwa mashujaa wa majarida ya katuni ya Marekani ni wachache waliomsumbua mkusanyaji kama Blue Beetle, shujaa aliyepewa jina la mbawakawa wa buluu, yule mdudu ambaye mabawa yake ya juu ni magumu kama gamba na huyafunika mabawa laini ya kurukia. Alizaliwa mwaka 1939, mwaka mmoja baada ya Superman na miezi michache tu baada ya Batman, lakini wakati hao wawili walikaa katika ukoo mmoja wa wachapishaji tangu siku ya kwanza hadi leo, yeye alihamishwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine, akapotea sokoni kwa miaka kadhaa, akafufuliwa, akauzwa, na jina lake likarithiwa na watu ambao hata asili ya nguvu zao haifanani. Kwa sababu hiyo historia yake haimo katika mfululizo mmoja wa majarida unaoweza kupangwa rafuni kuanzia namba ya kwanza hadi ya mwisho, bali imetawanyika katika majarida ya majina mbalimbali, mengine yakiwa hayana picha wala jina lake popote kwenye jalada.

Katika lugha ya wakusanyaji, toleo muhimu ni lile ambalo ndani yake jambo fulani limetokea kwa mara ya kwanza au ya mwisho: mhusika ameonekana, amefichua asili yake, amekufa, au amechorwa na msanii ambaye baadaye alipata sifa kubwa. Toleo la aina hiyo huwa na bei inayozidi mbali ile ya matoleo yaliyolitangulia na yaliyolifuata, hata kama yote yalichapwa kwa idadi ileile na karatasi ileile. Mazoea ya soko yamewafanya wengi waamini kwamba toleo muhimu kuliko yote lazima liwe namba 1, na kwa wahusika wengi imani hiyo haimtupi mtu mbali sana na ukweli. Kwa Blue Beetle inamtupa mbali kabisa. Majarida yenye jina lake na namba 1 kwenye jalada yalitolewa mwaka 1939, 1964, 1967, 1986, 2006, 2011, 2016 na 2023, na kati ya hayo yote ni moja tu, lile la 1964, ambamo mrithi mpya wa jina hilo anaonekana kwa mara ya kwanza kabisa. Mkusanyaji anayenunua kwa kufuata namba, bila kusoma kilichomo, atajaza sanduku zima na bado atakosa matoleo yanayotafutwa.

Blue Beetle wa kwanza alitokea katika Mystery Men Comics namba 1, jarida lenye tarehe ya Agosti 1939 lililotolewa na kampuni ya Fox, mali ya Victor Fox wa New York. Fox hakuwa msanii wala mwandishi, alikuwa mfanyabiashara aliyeona jinsi Superman alivyoleta fedha na akataka wa kwake. Jaribio lake la awali, Wonder Man wa Mei 1939, lilimfikisha mahakamani kwa kuwa lilifanana mno na Superman, na akashindwa. Blue Beetle, kwa hiyo, ni zao la mchapishaji aliyekwisha kuonywa: alitakiwa awe na tofauti ya kutosha kuepuka kesi na mfanano wa kutosha kuvutia wateja wale wale. Alikuwa polisi aitwaye Dan Garret, na baadaye akaelezwa kuwa nguvu zake zinatokana na dawa iliyoitwa vitamini 2X. Jina la msanii lililowekwa ni Charles Nicholas, ambalo leo huhesabiwa kuwa la Charles Wojtkowski, ingawa lilitumika kama jina la kalamu la pamoja, kiasi kwamba hata Jack Kirby, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wachoraji wakuu wa tasnia hii, alichora katuni za magazetini za Blue Beetle mwaka 1940 chini ya jina hilohilo.

Jalada la Mystery Men namba 1 lilipewa shujaa mwingine, Green Mask, na jambo hilo limewahi kuwaponyoka wanunuzi wengi. Nakala zilizobaki ni chache, na uchache huo una sababu zinazojulikana: jarida liliuzwa kwa senti 10, lilinunuliwa na watoto waliolikunja mfukoni na kubadilishana mpaka likachakaa, na kisha katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia familia za Marekani zilihimizwa kukabidhi karatasi kuukuu ili zisagwe na kutumiwa upya, jambo lililoteketeza shehena za majarida ambayo wakati ule hakuna aliyeyaona kuwa na thamani. Mwenye fedha za kutosha kununua nakala nzuri ya toleo hili hahitaji ushauri wa kitabu, anahitaji wakili na kampuni ya bima. Mkusanyaji wa kawaida atafanya vyema zaidi kuyatazama matoleo ya baadaye ya jarida la Blue Beetle lenyewe, ambalo lilianza majira ya baridi ya 1939 na kuendelea hadi namba 60 mwaka 1950, huku sehemu yake ya kati, ya miaka ya 1942 hadi 1944, ikitolewa na mchapishaji mwingine aitwaye Holyoke. Hata hapo kuna mtego wake. Matoleo ya mwisho ya miaka ya 1940, hasa namba 54 ya 1948, yana bei kubwa isiyotokana na shujaa wala hadithi, bali na michoro ya wanawake kwenye majalada, mtindo uliokuja kushutumiwa vikali na wakosoaji wa majarida haya muda mfupi baadaye. Mtu anayekusanya historia ya Blue Beetle anaweza kuyaacha matoleo hayo bila kupungukiwa na kitu.

Baada ya Fox kufunga biashara, mhusika aliangukia mikononi mwa Charlton, na hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inapokuwa ngumu na tamu kwa pamoja. Charlton ilikuwa kampuni ya mji mdogo wa Derby, jimbo la Connecticut, iliyoanza kwa kuchapisha mashairi ya nyimbo maarufu za redio, na tofauti yake na wachapishaji wa New York ilikuwa kwamba kila hatua, tangu kuandika, kupanga herufi, kuchapa hadi kusambaza, ilifanyika chini ya paa moja. Mitambo yake ilikuwa mikubwa na ya zamani, na kuizima na kuiwasha kuligharimu zaidi kuliko kuiacha iendelee kuzunguka, hivyo majarida ya katuni yalichapwa kwa kiasi kikubwa ili kuishughulisha. Malipo kwa waandishi na wachoraji yalikuwa ya chini kuliko takriban mahali pengine popote katika tasnia. Mhusika aliyenunuliwa kwa bei ndogo kutoka kwa mchapishaji aliyefilisika aliifaa sana nyumba kama hiyo.

Charlton ilianza kwa kurudia hadithi za zamani katika Space Adventures namba 13 na 14, kuanzia Oktoba 1954, kisha ikatoa jarida la Blue Beetle mwaka 1955. Jarida hilo halikuanza na namba 1. Lilianza na namba 18 na kuishia na namba 21, na mkusanyaji asiyejua historia anaweza kutumia miaka akitafuta namba 1 hadi 17 ambazo hazikuwahi kuwapo. Sababu yake iko posta. Wachapishaji wa Marekani walipata nauli nafuu ya kutuma majarida kwa wateja waliojiandikisha, lakini nauli hiyo ilidai kibali kilichotolewa kwa kila jarida, na kibali kipya kilikuwa na gharama pamoja na usumbufu wa kukiomba. Njia ya kukwepa ilikuwa kubadilisha jina la jarida lililokwisha kuwa na kibali na kuendeleza namba zake kana kwamba hakuna kilichotokea. Blue Beetle namba 18, kwa hiyo, ni mwendelezo wa jarida la kutisha lililoitwa The Thing, lililoishia namba 17, na baada ya namba 21 jarida hilohilo liligeuzwa kuwa Mr. Muscles namba 22. Hila hiyo ilirudiwa miaka kumi baadaye: jarida la Unusual Tales lilipofika namba 49 likawa Blue Beetle namba 50, na baada ya Blue Beetle namba 54 likawa Ghostly Tales namba 55.

Kati ya hayo mawili ndipo lilipotokea toleo la Juni 1964, namba 1 halisi ambayo ndani yake alizaliwa Blue Beetle wa pili. Jina lake liliandikwa Dan Garrett, likiwa na herufi t ya ziada mwishoni, na hiyo ni alama ndogo inayomsaidia msomaji makini kumtenga na polisi wa Fox. Huyu hakuwa polisi na hakumeza dawa, alikuwa mwanaakiolojia, yaani mtaalamu wa kufukua na kuchunguza mabaki ya kale, aliyeokota katika kaburi la farao wa Misri sanamu ndogo ya mbawakawa yenye nguvu za kichawi. Waandaaji waliazima jambo la kweli katika hadithi isiyo ya kweli, maana Wamisri wa kale kweli walimtukuza mbawakawa abingirishaye mipira ya samadi, wakamhusisha na jua linalochomoza kila siku, na wakachonga sanamu zake kwa maelfu ili zitumike kama hirizi na mihuri. Hadithi zenyewe, zilizoandikwa na Joe Gill, ni dhaifu, na michoro haina la kusifiwa. Hata hivyo toleo hilo ni muhimu kwa sababu sanamu ile ya mbawakawa, ambayo haikuwamo katika hadithi za Fox, ndiyo iliyobebwa na kila aliyelirithi jina hadi leo. Kwa muda mrefu soko lililipa bei ya chini kuliko linavyostahili, na bado linafanya hivyo ukilinganisha na matoleo ya baadaye yasiyokuwa na uzito wa kihistoria hata nusu yake.

Mwaka 1966 Steve Ditko, aliyeshirikiana kumbuni Spider-Man, alijiuzulu katika kampuni ya Marvel na kupeleka sehemu kubwa ya kazi yake Charlton, ambako malipo yalikuwa duni lakini wahariri walimwacha achore alivyotaka. (Buibui si mdudu kwa hesabu ya wataalamu wa wanyama, kwa kuwa ana miguu minane na si sita, hivyo Ditko anaweza kusemwa kuwa aliingia rasmi katika ufalme wa wadudu kupitia Derby.) Alimbuni upya Blue Beetle: Ted Kord, mvumbuzi asiye na nguvu yoyote ya ajabu, anayetegemea akili, mazoezi ya mwili na chombo cha kuruka chenye umbo la mbawakawa. Ted Kord alionekana kwa mara ya kwanza katika Captain Atom namba 83, lenye tarehe ya Novemba 1966, kama hadithi ya nyongeza iliyowekwa nyuma ya hadithi kuu. Desturi ya hadithi za nyongeza ilikuwa ya kawaida: mchapishaji alimjaribu mhusika katika kurasa chache za jarida la mwingine, na akipokelewa vizuri alipewa jarida lake. Ted Kord alijaribiwa hivyo hadi Captain Atom namba 86, kisha akapewa Blue Beetle namba 1 ya Juni 1967.

Toleo hilo la 1967 lina umuhimu mara mbili, kwa kuwa mbali na kuwa la kwanza la Ted Kord chini ya jina lake mwenyewe, nyuma yake kuna hadithi ya kwanza ya The Question, mpelelezi asiye na sura ambaye Ditko alimtumia kueleza msimamo wake mkali wa kimaadili. Namba 2 ya Agosti 1967 ndiyo inayounganisha vizazi, maana humo Dan Garrett anakufa kisiwani akipambana na roboti za mjomba wake Ted, na Ted anaapa kuendeleza kazi ya marehemu. Hadithi hii ni miongoni mwa za mwanzo katika majarida ya mashujaa kumfanya mrithi ashike jina la marehemu kwa deni la dhamiri. Jarida lilikoma kwenye namba 5 mwaka 1968. Kisa cha sita, kilichokwisha kuchorwa, kilibaki bila kuchapishwa mpaka mwaka 1974, kilipotolewa katika Charlton Portfolio, jarida lililoandaliwa na vijana mashabiki. Toleo hilo la mashabiki halitajwi katika orodha nyingi za matoleo muhimu, na ni kosa la waandaaji wa orodha hizo, kwani hakuna mahali pengine ambapo mfululizo wa Ditko ulifikia mwisho wake kwa wakati ule.

Mnunuzi wa matoleo ya Ditko lazima ajihadhari na jambo moja kuliko yote. Mwaka 1977 baadhi ya majarida ya Charlton yalichapwa upya chini ya nembo ya Modern Comics na kuuzwa katika mifuko ya plastiki kwenye maduka ya bei nafuu, na kati ya yaliyorudiwa ni Captain Atom namba 83 na Blue Beetle namba 1. Jalada ni lilelile, namba ni ileile, na hadithi ni zilezile, lakini nembo ya pembeni juu inasoma Modern badala ya Charlton. Chapa hizo si za kughushi, zilitolewa kihalali na zinafaa sana kwa anayetaka kusoma tu, ila thamani yake ni sehemu ndogo ya ile ya chapa ya asili, na muuzaji asiye makini, au aliye makini kupita kiasi, anaweza kuzitangaza kwa tarehe ya 1966 au 1967. Picha isiyoonyesha nembo vizuri ni sababu tosha ya kuahirisha malipo.

Uchapaji wa Charlton una athari nyingine kwa bei. Mitambo yake ilikata karatasi kombo, ikapishanisha rangi, ikabana pini nje ya mstari wa mkunjo, hivyo nakala iliyotoka kiwandani tayari ilikuwa na dosari ambazo jarida la Marvel la mwezi uleule halikuwa nazo. Nakala za Charlton zenye hali ya juu kabisa kwa hiyo ni adimu kweli, na tofauti ya bei kati ya nakala nzuri na nakala bora huwa kubwa kuliko kawaida. Kwa msomaji wa kawaida tofauti hiyo haina maana, kwa kuwa anachopata kwa fedha za ziada ni ukingo ulionyooka zaidi.

Mwaka 1983 kampuni ya DC iliwanunua mashujaa wa Charlton, ununuzi uliofanyika wakati Dick Giordano, aliyekuwa mhariri wa Charlton enzi za Ditko, akiwa na cheo cha juu DC. Mwandishi Mwingereza Alan Moore alipendekeza kuwatumia mashujaa hao katika hadithi ambayo ingewaharibu wasitumike tena, akashauriwa abuni wengine wa kufanana nao, na kazi iliyotokea ikawa Watchmen ya 1986 na 1987, ambamo Nite Owl ni Blue Beetle aliyebadilishwa kutoka mdudu kuwa bundi, pamoja na mpango uleule wa mzee aliyestaafu na kijana aliyemrithi. Ted Kord mwenyewe aliingia DC katika Crisis on Infinite Earths namba 1 ya Aprili 1985, akapewa jarida lake mwaka 1986, lililodumu kwa matoleo 24, na akapendwa zaidi katika Justice League ya 1987 kama mchekeshaji pamoja na rafiki yake Booster Gold. Matoleo haya yote hayana haja ya kupotezewa wino. Yalichapwa kwa wingi wakati ambapo maduka maalumu ya katuni yalikuwa yameenea na wanunuzi walikuwa wamekwisha kujifunza kuhifadhi, kila mmoja akiweka nakala yake kwenye plastiki kwa matumaini ya kutajirika, na kwa kuwa wote waliweka, hakuna aliyetajirika. Namba 1 ya 1986 hupatikana hadi leo kwa bei isiyozidi sana nauli ya kuituma.

Ted Kord aliuawa katika Countdown to Infinite Crisis ya 2005, jarida nene la kurasa 80 lililouzwa kwa dola 1 ili liwafikie wengi, na kifo hicho kilifungua njia kwa Blue Beetle wa tatu, Jaime Reyes, kijana wa ukoo wa Kimeksiko kutoka El Paso, Texas. Katika masimulizi yake ile sanamu ya mbawakawa imejishikiza kwenye uti wa mgongo wake, na baadaye inabainika kuwa si uchawi wa Misri, ni chombo cha vita cha viumbe wa sayari nyingine. Hapa ndipo mjadala mkali wa wakusanyaji unapotokea. Jaime anaonekana mara ya kwanza katika Infinite Crisis namba 3, kama mvulana wa kawaida katika kurasa chache, asiye na vazi wala nguvu. Katika namba 5 ya mfululizo huohuo anaonekana akiwa Blue Beetle. Kisha kuna Blue Beetle namba 1 ya 2006, iliyoandikwa na Keith Giffen na John Rogers na kuchorwa na Cully Hamner, ambamo maisha yake yanaelezwa kwa kirefu.

Wakusanyaji hutofautisha kuonekana kwa kupita na kuonekana kamili. Kuonekana kwa kupita ni pale mhusika anapoonyeshwa kwa picha chache bila kuathiri kisa, na kuonekana kamili ni pale anapotenda jambo lenye uzito. Mtu anayeshikilia kipimo hicho kwa uaminifu ataipa namba 5 nafasi ya kwanza, lakini soko limekuwa likiipendelea namba 3 kwa hoja nyepesi kwamba wa kwanza ni wa kwanza. Hoja hiyo inajipinga yenyewe, kwa kuwa toleo linanunuliwa kwa jina la Blue Beetle na katika namba 3 hakuna Blue Beetle mpya, kuna mvulana ambaye msomaji wa siku hiyo hakuwa na sababu ya kumkumbuka. Tena kila toleo la Infinite Crisis lilitolewa na majalada mawili, moja la Jim Lee na jingine la George Pérez, na wauzaji hutoza bei tofauti kwa majalada hayo ingawa kurasa za ndani ni zilezile.

Filamu ya Blue Beetle, iliyoongozwa na Ángel Manuel Soto na kuigizwa na Xolo Maridueña, ilitoka Agosti 2023 na mapato yake hayakukidhi matarajio. Mwenendo wa bei kabla na baada yake ulifuata njia iliyozoeleka katika biashara hii: fununu huamsha wanunuzi, tangazo la mwigizaji huwapandisha mori, na siku ya uzinduzi wauzaji huwa wengi kuliko wanunuzi. Anayetaka kununua matoleo ya Jaime Reyes kwa ajili ya kuyamiliki hapaswi kufanya hivyo wakati habari za filamu zimo vinywani mwa watu.

Kuhusu hali ya nakala, wafanyabiashara hutumia kipimo cha kuanzia 0.5 hadi 10.0, na tangu mwaka 2000 kampuni ya CGC ya Marekani imekuwa ikipokea majarida, kuyakagua, kuyapa alama, na kuyafungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Lebo ya buluu huashiria nakala isiyokarabatiwa, na ya zambarau huashiria nakala iliyopakwa rangi, kuongezewa vipande vya karatasi au kurekebishwa kwa namna nyingine. Huduma hiyo ina manufaa kwa majarida ya Fox, ambayo mara nyingi yamekatwa kingo ili yaonekane manyoofu au yamevikwa jalada la nakala nyingine, mambo ambayo jicho la kawaida haliyagundui. Kwa toleo la 1986 au 2006 kasha linagharimu zaidi kuliko kilichomo, na linamzuia mwenyewe kulisoma. Kwa jarida la Charlton lisilo kwenye kasha, mnunuzi aombe kuhesabiwa kurasa na kuonyeshwa zile zenye matangazo, kwa kuwa watoto wa miaka ya 1960 walikuwa na desturi ya kukata kuponi za kuagizia vitu kwa posta, na kuponi ikikatwa hukata pia kipande cha hadithi kilicho upande wa pili.

Karatasi iliyotumika kwa majarida haya ni ileile ya magazeti, iliyosagwa kutoka mbao bila kuondolewa lignini, kiungo cha mti ambacho kikipigwa na mwanga na hewa hutoa asidi na kuifanya karatasi iwe ya manjano, kisha kahawia, na mwishowe ivunjike. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, hivyo mkusanyaji anayeishi Mombasa, Tanga au Muscat ana adui ambaye mwenzake wa Denver hamjui. Mifuko ya kawaida ya plastiki inafaa kwa miaka michache tu, ile ya poliesta hudumu zaidi, na kadibodi ya nyuma lazima iwe isiyo na asidi. Sanduku likae juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, na likaguliwe mara kwa mara, kwa maana mchwa hawabagui kati ya gazeti la jana na hadithi ya mdudu mwenzao.

Kwa mwenye bajeti ndogo anayetaka toleo moja tu la Blue Beetle, Captain Atom namba 83 ya 1966 ndilo la kununua, likiwa na nembo ya Charlton, kurasa zote na kuponi zote, hata kama mgongo wake umechakaa. Akibakiwa na fedha, lifuatalo liwe Blue Beetle namba 1 ya 1964. Namba 3 ya Infinite Crisis inaweza kusubiri.